Pipa Lililopungua

Kilichomsumbua Inspekta Wanza katika faili lile kilikuwa kitu kidogo mno kumsumbua mtu mzima. Kilikuwa ndoo.

Fundi Jaffar, seremala wa Mji wa Kale, alikuwa ameandikisha kwamba dawa ya mchwa katika pipa lake ilipungua usiku kwa kiasi cha ndoo nzima. Asubuhi yake mkewe, Mwanakuu, alikunywa chai, akaanza kutetemeka na kutoka povu, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Daktari alithibitisha kuwa sumu ni dawa ile ile, na kwamba ilikuwamo katika chai iliyobaki. Chai ilipikwa na Dama, mtumishi wa nyumba. Ufunguo wa karakana alikuwa nao Dama. Siku moja kabla, majirani walimsikia Mwanakuu akimgombeza Dama kwa sauti ya kupasua paa. Na ingawa alikuwa karibu na chai ile, Dama hakuionja.

Ogutu, mkuu wa kituo, alikwisha kuliona jambo limekwisha.

"Kesho asubuhi anapanda kizimbani. Mauaji."

"Afande, sumu ya kumuua mtu haijazi hata kikombe. Kwa nini aibe ndoo?"

"Muulize yeye."

"Na ndoo yenyewe iko wapi? Askari wamepekua nyumba mpaka uvunguni. Hakuna chombo kinachonuka."

"Wanza, nina rundo la kesi za watu waliopigana kwenye foleni za maji. Hii moja imejileta yenyewe, imekamilika. Niachie hii moja."

Kesi ya mauaji haina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Dama alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ametoka kijijini Ganze, hana wakili wala ndugu mjini. Wanza aliomba apewe siku ile iliyobaki. Ogutu alimpa kwa kupunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Dama aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunga leso moja na kujitanda nyingine. Shavuni alikuwa na alama. Jaffar alikuwa amemkamata barazani mbele ya mtaa mzima na kumwita muuaji, na watu wengine wakamsaidia kwa mikono.

"Tuanze ulipoamka," Wanza alisema.

"Maji yalikuwa yamekatika tangu jioni, mama. Baba Jaffar alipotoka kwenda kuswali yalikuwa bado. Haikukawia nikasikia mfereji wa jikoni unakoroma. Nikakinga."

"Ulikinga nini kwanza?"

"Birika. Mama Mwanakuu alitaka chai. Halafu sufuria, halafu ndoo, halafu mapipa. Maji yakija hakuna kuketi."

"Chai hukunywa."

"Nitakunywa saa ngapi, na maji yanakuja? Nilijimiminia, nikaiacha kwenye meza. Nikawa nabeba ndoo. Nikasikia mama ameanguka."

Hilo Wanza aliliamini. Mombasa ya miaka ile ya tisini maji yalikuja yalipotaka, na mfereji ukishafunguka hata bibi harusi angeacha ukumbi akakimbilia ndoo. Hakuna mahakama ya watu wa mji ule ambayo ingemshangaa mtu kwa kuacha chai ipoe.

"Maji ya kwanza uliyamwaga?"

Swali lenyewe lilikuwa la kujaza nafasi tu. Kila mtu anajua kwamba maji yakirudi baada ya kukatika, ya mwanzo huja na kutu na uchafu wa ndani ya paipu, na huachwa yamwagike mpaka yatakate. Lakini Dama alitazama vidole vyake.

"Niliyamwaga."

"Mengi?"

"Kama watu wanavyomwaga."

"Ulimwagia wapi?"

"Pale pale."

Wanza hakuandika jibu lile. Alikuwa amewahoji waongo wengi, na huyu alikuwa mwongo asiye na mazoezi. Kilichomtatiza ni kwamba binti huyu alijibu maswali yote ya sumu bila kupepesa, kisha akadanganya kuhusu maji ya kutu.

"Mwanakuu alikugombeza nini juzi?"

"Mambo ya jikoni."

"Mambo gani?"

Dama alifunga mdomo, na hakuufungua tena.

Uani mwa kituo, dereva Joab alikuwa akihamisha petroli kutoka gari bovu kutia katika mtungi. Alivuta kwa mdomo kwenye mpira, akatema, akalaani, akaingiza ncha ya mpira katika mtungi uliokuwa chini. Petroli ikawa inatoka yenyewe.

"Utakufa na petroli tumboni," Wanza alimwambia akipita.

"Afande, navuta mara moja tu. Ikishaanza kushuka haina haja na mtu."

Nje ya nyumba ya Jaffar mikeka ilikuwa imetandikwa hadi njiani, na wanaume wa msibani wameketi na vikombe vya kahawa. Mwanakuu alikuwa amezikwa jana yake alasiri, mara tu daktari alipomaliza kazi yake. Wanza alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka.

"Makiwa."

"Tunayo," wakamjibu.

Aliyeinuka kumlaki alikuwa Ishaq, kaka yake marehemu, mtu mnene mwenye koti juu ya kanzu. Alimvuta pembeni.

"Mwamnyonga lini yule msichana?"

"Nyumba hii ni ya nani, Bwana Ishaq?"

"Ya marehemu baba yetu. Yangu na Mwanakuu. Kwani?"

"Nasikia wewe ulitaka iuzwe, yeye akakataa."

Ishaq alimkazia macho. "Twaligombana, ndiyo. Twaligombana tangu utotoni, kwa nyumba na kwa visivyo nyumba. Inspekta wataka kuniuliza nalikuwa wapi. Nalikuwa Tudor, kwa mke mdogo, nateta na majirani mferejini. Waulize."

Wanza alikwisha kuwauliza. Askari aliyetumwa Tudor asubuhi ile alirudi na habari kwamba Ishaq alisikika kweli na mtaa mzima, na kwamba mtaa mzima ulikuwa bado umemkasirikia. Njia hiyo ilikuwa imekufa kabla hajaikanyaga. Aliuliza tu ili aone kama mtu huyu angemlilia dada yake, na aliona kwamba alikuwa amelia usiku kucha.

Karakana ilikuwa chini ya nyumba, mlango wake unatazama njia. Ndani mlikuwa na fremu za milango ambazo hazijamalizwa, masanduku mawili ya njumu, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, na maranda yaliyojaa sakafuni kwa kuwa aliyezoea kuyafagia alikuwa rumande. Pipa lilisimama juu ya matofali, karibu na ukuta. Jaffar alilifunua. Dawa ndani yake ilikuwa nyeupe, na harufu yake ilikwaruza koo.

"Twachovya mbao humu, mchwa wasizile," alisema. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini, sauti imekauka. "Jioni nalitia dawa mpya. Ilifika hapa." Alionyesha mstari mweupe ndani ya pipa. "Alfajiri naliikuta hapa." Mstari wa pili ulikuwa chini kwa shubiri nzima. "Mlango umefungwa, kufuli zima. Ufunguo nnao mimi na anao yeye."

"Sakafu ilikuwa imelowa?"

"La. Kavu."

"Ngazi?"

"Kavu vile vile."

"Basi Dama ameteka ndoo ya dawa gizani, akaipandisha ngazi ile ya mawe bila kumwaga tone. Akatumia kikombe. Iliyobaki akaifanya nini?"

"Aliimwaga chooni."

"Maji hayakuwapo. Choo hakikusukumwa usiku kucha, na askari wangu wamekiinamia mpaka wakaomba ruhusa. Hakinuki."

Jaffar alijifuta uso kwa kiganja. "Inspekta, mimi si polisi. Mimi najua jioni ilikuwapo, alfajiri haipo, na mke wangu amekufa nayo tumboni. Wataka nifikiri nini?"

Wanza alikuwa akitazama ukuta. Juu ya pipa palikuwa na mfereji, na mfereji ulikuwa umevishwa mpira wa kijani, umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili usivuje. Mpira umekunjwa na kutundikwa kwenye msumari. Ncha yake ilikuwa nyeupe kwa nje, kama vile mtu aliizamisha katika chokaa. Wanza aliuinua kwenye mwanga wa mlangoni na kuchungulia. Ndani pia palikuwa peupe, mpaka macho yake yalipoishia.

"Mpira huu usiku ulikuwa wapi?"

"Ndani ya pipa. Nalitaka kuongeza maji, dawa isiwe kali mno. Mara maji yakakatika. Nikauwata mfereji wazi, yakirudi yajae yenyewe. Usingizi wangu mwepesi, nikisikia nashuka kufunga. Kila mtu hufanya hivyo."

Hapo alisema kweli. Nusu ya mji ule ililala mifereji ikiwa wazi na mipira ikiwa imezamishwa katika mapipa, matangi na madishi ya kufulia nguo, ili maji yakirejea saa ya wezi yasimpite mtu. Waliofanya hivyo walijiona wajanja, na hakuna aliyewaambia vingine.

"Na alfajiri?"

"Nalishuka, nikaona maji bado na dawa imepungua. Nikafunga mfereji, nikatundika mpira, nikaenda kuswali nimeudhika. Nikarudi nikamkuta mke wangu yuko sakafuni."

"Paipu ya nyumba inaingilia wapi?"

Jaffar alimwonyesha bila kuelewa. Paipu ilitoka chini ya njia, penye koki ya chuma iliyofunikwa kwa kibao. Kabla ya kuingia ukutani iligawanyika, mkono mmoja ukaenda nyumba ya jirani. Uliobaki uliingia karakana, ukatoa tawi kwenye mfereji ule, kisha ukapanda pembeni mwa ngazi hadi jikoni, orofa ya kwanza. Hapakuwa na kizuizi chochote kati ya jikoni, karakana na jirani. Maji yaliyomo yangeweza kwenda upande wowote ambao ungeyavuta.

Wanza aliifuata paipu kwa macho, akarudi nyuma, akaifuata tena. Kisha akaenda kubisha kwa jirani.

Bi Shifa alikuwa mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ua wake ulikuwa chini ya kiwango cha njia. Mtu aliteremka ngazi za mawe kuufikia. Mfereji wake ulikuwa karibu na ardhi, na chini yake karai la bati lililosuguliwa likang'aa. Banda la kuku lilikuwa wazi na tupu.

"Kuku wako wamekwenda wapi, Bi Shifa?"

"Kideri, mwanangu. Jana asubuhi wamekwisha wote. Nimeona wametetemeka, wamelala ubavu, basi."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Jirani yangu amefiwa na mke, nami niende nikalie kuku?"

Wanza aliketi juu ya ngazi bila kukaribishwa. "Waliamka wazima?"

"Wazima. Jogoo amewika kama kawaida yake ya kuudhi watu."

"Walikula nini?"

"Makombo yale yale ya kila siku. Wakanywa maji yao."

"Maji yapi?"

Bi Shifa alimtazama kwa mshangao, jinsi mtu anavyotazama mgeni wa mbali. "Maji ya kwanza. Kwani wewe huyafanya nini? Watu huyamwaga, mimi nayakingia kuku kwa karai lile, yakitakata ndipo nakinga yangu. Na usiku mfereji wangu nauwata wazi. Ndio wa chini kuliko yote mtaani. Watu wakikaukiwa, vitone vya mwisho hunijia mimi. Usiku wa juzi nalipata karai tele, nikamshukuru Mungu."

"Maji hayakuwapo usiku ule, Bi Shifa."

"Ndiyo maana nalishukuru."

"Yalikuwa na rangi gani?"

"Mato yangu haya ya miwani, mwanangu? Niliona yana ukungu kidogo. Maji ya kwanza ndivyo yalivyo."

"Dama wa jirani huingia uani kwako?"

"Ataingiaje? Mlango nautia komeo tangu nilipoibiwa sufuria."

Baadhi ya kuku wale walikuwa wamekwenda na gari la taka, na saa ile walikuwa jaani Kibarani. Wawili Bi Shifa alikuwa amewafukia penye mchanga pembeni mwa ua. Wanza alimwita askari, wakafukuliwa na kufungwa katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mkemia wa serikali. Bi Shifa alisimama na leso puani, akawa anashangaa serikali siku hizi inafanya nini.

Lakini mkemia angechukua wiki kadhaa, na Dama alikuwa na hadi asubuhi. Wanza alimtuma askari dukani akanunue buluu ya kufulia.

Walifanya jaribio mbele ya Jaffar, kwa kuwa Wanza alitaka awepo. Aliweka ndoo ya maji safi juu ya kifuniko cha pipa, akakoroga buluu mpaka maji yakawa rangi ya kalamu. Akazamisha ncha ya mpira, mfereji wazi, kama ulivyokuwa usiku ule. Ishaq alifunga koki ya njiani. Nyumba hizo mbili sasa zilikuwa zimekatiwa maji, na paipu bado zimejaa.

"Fundi Jaffar, njoo huku."

Waliteremka kwa Bi Shifa. Wanza alifungua mfereji ule wa chini. Maji yalitoka bila rangi, membamba, kwa muda. Bi Shifa aliinama, akarekebisha miwani yake. Kisha maji yakaingia rangi ya samawati hafifu, ikakolea, na karai likawa linajaa buluu.

"Nenda kaitazame ndoo," Wanza alisema.

Jaffar alikwenda. Alikaa huko kuliko inavyomchukua mtu kutazama ndoo. Aliporudi alisema kwa sauti ndogo, "Imepungua."

"Hakuna aliyeichota. Hakuna tone sakafuni. Maji yanakatika, paipu inakauka kuelekea huku chini, na mpira wako uko ndani ya pipa, mdomo umezama. Inavuta. Usiku kucha inavuta. Nyingine imeishia kwenye karai hili, kuku wakanywa. Nyingine imebaki ndani ya paipu. Alfajiri umefunga mfereji wako, ukaenda zako. Maji yakarudi kwa nguvu, yakaisukuma iliyobaki."

"Wapi?" Jaffar aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kuinuka kuelekea dirisha la orofa ya kwanza.

Wanza alifunga mfereji wa karakana, akamwamuru Ishaq afungue koki, akapanda ngazi. Jikoni wanawake wa msibani walikuwa wakipika, wakampisha. Dada mmoja alikuwa ameshika birika tayari. Wanza alilichukua mkononi mwake na kuliweka mbali, akafungua mfereji. Ulikoroma, ukatema hewa, kisha ukatoa maji ya buluu. Wanawake walirudi nyuma. Jaffar, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika mwimo kwa mikono miwili. Mwimo ule aliuchonga mwenyewe.

"Chai yake huwa na tangawizi nyingi," alisema. "Na maziwa. Hangeisikia harufu."

"Hangeisikia."

"Nami nalikuwa msikitini. Namwombea dua."

Wanza alimwonea huruma, na hakuwa na la kuifanyia huruma hiyo. Jaffar aliuliza ingekuwaje kama mpira usingezama. Wanza alisema kweli: kama ncha ingening'inia juu ya dawa, hata kwa upana wa kiganja, paipu ingevuta hewa tu, na Mwanakuu angekuwa jikoni. Baadaye alijuta kwa kumjibu. Kuna maswali ambayo mtu huuliza akitumaini kudanganywa.

Ogutu alisikiliza yote kituoni huku akijipepea kwa kofia.

"Kwa hiyo muuaji ni mpira."

"Ni mfereji ulioachwa wazi, afande. Sheria ina jina lake. Kuua bila kukusudia, kwa uzembe. Fundi amekuja mwenyewe, yuko nje."

"Na mahakama itamwamini mwanamke mwenye buluu?"

"Njoo uone karai la Bi Shifa."

Ogutu hakwenda kuona karai la mtu. Alimtazama Jaffar kupitia mlangoni, namna alivyoketi kwenye benchi na mikono katikati ya magoti, akavuta pumzi na kuagiza Dama aletwe.

Dama alisimama ukumbini bila kujua amsogelee nani. Wanza alimweleza pole pole: pipa, mpira, kuku, maji ya buluu. Alipofika jikoni, penye mfereji, Dama alianza kutikisa kichwa.

"Mama, nilikudanganya."

"Najua. Sijui kwa nini."

"Sikuyamwaga maji ya kwanza. Sijawahi kuyamwaga. Kwetu maji tunayafuata mbali, unayabeba kichwani shingo inauma. Siwezi kuyaangalia yakienda chini bure. Mama alinikataza. Juzi alinigombeza kwa hilo hilo, alikuta birika lina kutu. Na asubuhi ile nikalikinga tena." Alikuwa akilia sasa, bila kujificha. "Nikaona nikisema, mtaniambia ni mimi. Na labda ni mimi."

Ogutu aliinua kichwa haraka, kama mtu aliyesikia jina lake. Jaffar naye alikuwa amesikia kila neno. Alisimama kutoka kwenye benchi, na Wanza akajiweka kati yao kwa mazoea tu.

"Dama," Jaffar alisema. "Nimekukosea mno. Naomba unisamehe."

Dama alijifuta uso kwa pembe ya leso.

"Usiniombe hapa, baba. Hapa kuna polisi tu. Uliniita muuaji barazani, watu wamejaa. Nikirudi Ganze, habari itakuwa imefika kabla yangu. Nani atamwoa, nani atamwajiri mtu aliyemuua bibi aliyemtumikia? Niombe pale pale."

Ogutu alisema mtuhumiwa hapelekwi kuhutubia mitaa. Wanza alisema anamrudisha fundi nyumbani kuchukua maelezo ya mahali pa tukio, na kwamba hakuna kanuni inayomkataza Dama, ambaye sasa ni shahidi, kufuata njia hiyo hiyo. Ogutu alisema yeye hajasikia kitu, akafunga mlango wake.

Walifika wakati swala ya alasiri imekwisha na mikeka imejaa kuliko asubuhi. Watu walipomwona Dama, minong'ono ilianza, na mmoja aliinuka nusu. Jaffar hakuketi. Alisimama juu ya baraza ya nyumba yake, mahali pale alipomkamata binti yule kwa mkono, na akangoja mpaka wakanyamaza.

"Jana nalisema Dama amemuua Mwanakuu," alisema. "Nalisema uongo bila kujua. Mwanakuu nimemuua mimi. Nalizamisha mpira katika dawa, nikauwata mfereji wazi, dawa ikaingia katika maji ya nyumba. Majirani, wateni desturi hii. Nendeni makwenu mkaitoe mipira katika mapipa. Na huyu binti, kila aliyemgusa amwombe radhi, kwa kuanzia na mimi. Dama, mbele ya watu hawa, naomba unisamehe."

Dama aliitika kwa kichwa.

Mzee mmoja alisoma kitu kwa chini chini. Ishaq ndiye aliyeinuka, taratibu, uso wake umevimba, na akaja mpaka chini ya baraza. Hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Dama.

"Dada yangu hakuwa mtu wa kunywa maji ya kwanza," alisema. "Mama yetu alitulea hivyo. Maji yakirudi, ya kwanza yalikuwa haramu nyumbani kwetu. Kama yangemwagwa, dawa ingekwenda nayo. Yalimwagwa au hayakumwagwa?"

Mtaa mzima ulimgeukia Dama. Wanza aliona kifua chake kinapanda, akaona midomo inafunguka, na akajua kwamba safari hii hatadanganya.

"Yalimwagwa," Jaffar alisema.

Dama alimgeukia.

"Aliyamwaga," Jaffar aliendelea. "Amenieleza kituoni, na Inspekta yuko. Dawa ilikuwa nyingi, ilikuja nyuma yake. Kosa ni langu peke yangu, Ishaq. Usinitafutie mshirika."

Ishaq akamtazama Wanza, kwa kuwa ndiye serikali.

"Ni kweli?"

Wanza alifikiria kizimba cha kesho, na mtu mwembamba ambaye angesimama ndani yake badala ya binti. Alifikiria pia kwamba neno moja la kweli lingempunguzia mtu huyo mzigo, naye amekataa kupunguziwa.

"Umemsikia mwenye nyumba," alisema. "Dama, ingia ukachukue nguo zako."

Ishaq alisogea pembeni, na Dama akapita mlangoni. Jaffar aliteremka kutoka barazani, akavaa viatu vyake, na akamngoja Wanza njiani, tayari kurudi naye kituoni.